Mlango tumeuacha wazi wenyewe, halafu tunalia tumeibiwa



Nimekaa kimya miezi minane kwa sababu niliambiwa mambo ya chama yanamalizwa ndani ya chama. Basi nikayapeleka ndani. Nilimwandikia Katibu barua, haikujibiwa. Nikasimama kwenye kikao cha vijana wa mkoa, nikaambiwa "hilo la kompyuta liende kwenye mengineyo", na mengineyo yalipofika nusu ya wajumbe walikuwa nje wanadai nauli. Kwa hiyo leo naandika hapa, na atakayekasirika akasirike.

Suala ni hili. Tovuti yetu ya mkoa, ile yenye fomu ya kujiunga na chama, ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili bila usimbaji fiche wowote. Ilikuwa http tupu, bila ile "s" ya mwisho. Na seva yetu ya barua pepe, ambayo makatibu wa wilaya wanaitumia kutumiana orodha za wagombea na mawakala, ilikuwa inapokea paswedi zao zikiwa uchi. Hakuna mdukuzi aliyetufanyia hivyo. Tulijifanyia.

Someni hiyo fomu pamoja nami. Jina kamili. Namba ya simu. Kata na mtaa. Namba ya kadi ya mpiga kura. Kazi. Kazi, jamani! Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali anakaa chumbani kwake usiku, anaandika "mwalimu", anabonyeza "Tuma". Anajua ameongea na chama peke yake. Kumbe maandishi yale yametoka kwenye simu yake yakiwa yanasomeka, yakapita kwenye mnara, yakapita kwenye mitambo ya kampuni ya simu, yakapita kwenye ruta za watu tusiowajua, mpaka nje ya nchi ilipo seva tuliyokodi. Kila mwenye kushika mtambo njiani angeweza kuyasoma neno kwa neno, kuyanakili, hata kuyabadilisha. Ni kama kumpa konda wa basi barua isiyofungwa, konda naye akamkabidhi konda mwingine stendi, na wewe huku unasema barua yangu ni siri kwa sababu juu ya karatasi nimeandika "SIRI".

Mwaka wa kwanza wa fomu hiyo, mwalimu mmoja wa kike, simtaji hata wilaya, alinipigia simu: "Mdogo wangu, hii fomu anaiona nani?" Nikamjibu kwa kujiamini, "Dada, inaonwa na ofisi ya chama tu." Nilimdanganya. Sikujua kama namdanganya, lakini nilimdanganya, na ndiyo maana lugha yangu leo haina sukari.

Nilikuja kujua kwenye semina. Tulikuwa kwenye ukumbi wa lodge moja, Mwenyekiti anatusifia kwamba sasa chama kimeingia kidijitali. Nikamwomba ruhusa mbele ya watu nimwonyeshe kitu, kwa simu yake mwenyewe. Niliomba ruhusa makusudi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kunasa mawasiliano ya mtu kuwa kosa, na sikutaka kulala ndani kwa ajili ya somo. Simu yake ikaunganishwa kwenye laptop yangu kama vile anatumia Wi-Fi ya lodge. Akajaza fomu kwa jina la utani alilochagua, akabonyeza "Tuma". Ukutani, kwenye projekta, ikatokea: jina=Mti+Mkavu&kazi=mvuvi, na namba ya simu aliyobuni, yote waziwazi. Programu niliyotumia inaitwa Wireshark, ni ya bure, kila mwanafunzi wa kompyuta ameigusa.

Ukumbi ulinyamaza. Halafu mwenezi mmoja akasema: "Sasa kijana, si ndiyo umetudukua wewe?" Watu wakacheka, chai ikaja, ikaishia hapo.

Wanaosema "nani atahangaika na vijimambo vyetu" wakaangalie Tunisia. Januari 2011, wananchi wako barabarani dhidi ya Ben Ali, wanaratibu maandamano kwa Facebook na barua pepe. Ikagundulika kwamba ukurasa wa kuingilia Facebook, Gmail na Yahoo, ukifunguliwa kutoka ndani ya Tunisia kwa http ya kawaida, unafika kwenye kompyuta ukiwa umeongezewa mistari michache ya programu ambayo wenye tovuti hawakuiandika. Kazi ya mistari ile ilikuwa moja: kuchukua jina na paswedi ya mtumiaji. Shirika la serikali lililokuwa likisimamia intaneti ya nchi ndilo lililotuhumiwa. Aliyeandika "tukutane saa kumi" hakuvunjiwa nyumba wala kuibiwa simu. Ukurasa ulibadilishwa njiani tu. Facebook ilipambana nalo kwa kuwalazimisha watumiaji wote wa Tunisia waingie kwa https, kwa sababu njia ikishasimbwa, aliye katikati hawezi tena kupenyeza chochote bila kivinjari kugundua. Ben Ali alikimbia nchi tarehe 14 mwezi huohuo.

Wale walikuwa watu wa kawaida kama sisi.

Sasa nijibu hoja nilizopewa, maana nimepewa nyingi na zote nimezibeba.

Ya kwanza: "Sisi ni chama halali, hatuna cha kuficha." Hii inasemwa na wazee wetu ninaowaheshimu, na kila nikiisikia naishiwa nguvu. Mzee wangu, shikamoo, lakini ile orodha si yako uamue kuificha au kuianika. Ni ya mwalimu, ni ya nesi, ni ya mama anayeuza samaki kwenye soko lenye mwenyekiti wa mtaa wa chama tawala. Kura yenyewe ni siri kisheria, na sijasikia mtu akimuuliza mpiga kura kwenye kile kibanda anaficha nini.

Ya pili: "Ni gharama." Hapa nina hasira kidogo. Kampuni moja iliyotuuzia huduma ya tovuti ilileta ankara ya shilingi laki tatu na nusu kwa mwaka kwa ajili ya "cheti cha usalama", Mweka Hazina akaikataa, na hakuna aliyeuliza kama kuna njia nyingine. Njia nyingine ipo tangu Desemba 2015 na ni BURE. Inaitwa Let's Encrypt. Ni taasisi isiyo ya faida inayotoa vyeti kwa yeyote anayethibitisha kwamba anaimiliki seva inayojibu kwa jina fulani la tovuti. Unasakinisha programu inayoitwa Certbot, inaweka faili dogo kwenye seva yako, mitambo yao inakuja kulisoma kupitia mlango namba 80, ikiliona inakupa cheti. Dakika chache. Cheti kinadumu siku 90 na programu inakihuisha yenyewe.

Wakasema cha bure kitakuwa feki. Hapana. Hesabu zinazosimba mawasiliano ni zilezile, uwe umelipa laki tatu au hujalipa hata mia. Na kulipa hakujawahi kuwa kinga: DigiNotar ya Uholanzi ilikuwa kampuni ya kuuza vyeti kwa pesa, mwaka 2011 ikaingiliwa, kikatolewa cheti cha uongo kwa jina la Google, na kikatumika kuwapeleleza watumiaji wa Gmail walioko Iran. Kabla Septemba haijaisha kampuni ilishafilisika. Cheti kinasema tu kwamba huyu unayeongea naye ndiye mwenye jina lile la tovuti. Hakisemi ni mtu mwema. Tapeli naye anapata kufuli, kwa hiyo msiende tena kuwaambia wanachama "ukiona kufuli tuma hela".

Ya tatu, na hii ni ya vijana wenzangu: "Sisi tunatumia WhatsApp, imefungwa tayari." Ni kweli imesimbwa kutoka simu hadi simu, tangu 2016. Lakini kundi la watu mia mbili ambalo nusu yao hujawahi kuonana nao uso kwa uso halina siri, liwe limesimbwa na malaika. Na mmesahau Oktoba 2020? Wiki ya uchaguzi mitandao ilizuiwa, tukabaki tunahangaika na VPN, makatibu kata wanapiga simu kuuliza matokeo yatumwe wapi. Siku kama ile kitu pekee unachoweza kujaribu kukisimamisha mwenyewe ni seva yako. Na siku hiyo ndiyo mtagundua ilikuwa wazi.

Ya nne: "Tutaonekana tunaficha uhalifu, TCRA itatukamata." Tangazo la Oktoba 2023 lilihusu watumiaji wa VPN kujisajili, na tunaweza kulipinga siku nyingine. Cheti kwenye seva ya tovuti ni kitu kingine kabisa. Fungua tovuti ya benki yako, fungua mfumo wa kulipia kodi: zote zina https. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo hapa tulio upande mbaya wa sheria ni sisi tuliokuwa hatusimbi.

Mwishowe nilifanya bila baraka ya kikao. Kulikuwa na paswedi ya seva mkononi mwangu, nikaitumia. Jumamosi moja, bando la gigabaiti mbili, na umeme ulikatika mara moja tu. Upande wa tovuti nilimaliza kabla ya saa sita mchana: Nginx, Certbot, kila anayekuja kwa http anarudishwa kwenye https, matoleo ya zamani ya TLS yamefungwa nikaacha 1.2 na 1.3. Baada ya hapo nikaweka agizo linaloviambia vivinjari visijaribu tena kuja bila usimbaji.

Kuna mwanachama mwenye simu ya zamani sana alilalamika tovuti haifunguki. Ana haki ya kulalamika. Android zilizo chini ya 7.1 hazikijui cheti mama cha Let's Encrypt, na huko vijijini simu hizo bado zipo. Nilifikiria nimfungulie http ya pembeni. Nikakataa. Aje tawini ajaze karatasi, tumwekee kwenye kabati lenye kufuli la chuma. Ukiacha mlango mmoja wa pembeni umeacha mlango.

Tahadhari moja kwa mafundi wa mikoa mingine: kila cheti kinachotolewa kinaandikwa kwenye daftari la wazi ambalo dunia nzima inaweza kulisoma. Kwa hiyo usiombe cheti kwa jina kama "mawakala" au "mkakati" likifuatiwa na jina la tovuti ya chama. Nimeona mtu anakaribia kufanya hivyo. Umesimba yaliyomo halafu umetangaza kwamba yapo.

Barua pepe ndiko kulikonitoa jasho, na ndiko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu fomu ya tovuti inajazwa mara moja lakini makatibu wanaandikiana kila siku. Barua pepe ina safari mbili. Ya kwanza ni kutoka kwenye simu ya katibu hadi kwenye seva yetu. Hii iko mikononi mwetu kabisa na hatuna kisingizio. Nilifunga milango ya zamani, 110 na 143, nikaacha 993 ya kusoma na 465 ya kutuma, ambazo zinaanza na usimbaji kabla ya neno lolote kusemwa. Kwenye Postfix nikaandika smtpd_tls_auth_only = yes, kwenye Dovecot ssl = required. Maana yake seva inakataa kupokea paswedi ya mtu ambaye njia yake haijasimbwa, hata kama ni Mwenyekiti mwenyewe na ana haraka.

Na alikuwa na haraka. Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu na watu saba. Mmoja wao, katibu wa wilaya, alikuwa anapata onyo kwamba cheti hakilingani na jina, akawa anabonyeza "Endelea" kila siku bila kuniambia. Kumbe aliyemwekea barua pepe kwenye simu aliandika namba ya seva badala ya jina lake. Kosa dogo la fundi. Lakini onyo lile lile ndilo ambalo angeliona kama kweli kuna mtu amejiweka katikati anajifanya seva yetu, na yeye alishazoea kulipita. Jamani, lile onyo si tangazo la biashara! Ukiliona simama, piga simu.

Safari ya pili ni kutoka seva yetu kwenda seva ya mwingine, mfano makao makuu au mwanasheria wetu. Huku mambo ni magumu kwa sababu utaratibu wa kutumiana barua, SMTP, uliandikwa 1982 bila usimbaji, ukaja kubandikwa baadaye. Seva mbili zinaanza kuongea waziwazi, moja inasema "naweza STARTTLS", yaani tunaweza kuhamia kwenye njia iliyosimbwa, nyingine inasema haya. Nzuri. Ila yale maneno ya kwanza yenyewe yako wazi, kwa hiyo aliye katikati anaweza kulifuta neno STARTTLS tu. Seva yako inadhani mwenzake hawezi, inatuma barua ikiwa wazi, na wewe huoni tofauti yoyote kwenye simu yako. Mwaka 2015 watafiti wa vyuo vya Marekani wakishirikiana na Google walipima jambo hili kwa barua zinazoingia Gmail. Tunisia, zaidi ya asilimia 96 ya barua zilikuwa zinafutiwa neno lile njiani. Kenya na Uganda, majirani zetu hawa hawa, zaidi ya asilimia 20 kila nchi. Niwe mkweli: si kila anayelifuta ni usalama wa taifa. Kuna vifaa vya mitandao vinavyofanya hivyo ili kuchuja barua taka. Lakini barua yako ikishakuwa wazi iko wazi kwa wote, mwenye nia nzuri na mwenye nia mbaya.

Dawa ipo, tangu 2018, inaitwa MTA-STS: unatangaza kwenye domeini yako kwamba anayeniletea barua alete kwa njia iliyosimbwa au asilete kabisa. Sikuweza kuiweka. Nitaeleza kwa nini, na hapo ndipo wengi watanichukia.

Kwa sasa tulichofanya ni kanuni ya kienyeji. Makatibu wote wa wilaya wana anwani kwenye seva yetu, kwa hiyo wakiandikiana wao kwa wao barua haitoki nje ya seva, haina safari ya pili. Orodha yoyote ya mawakala haitumwi kwenye anwani binafsi ya mtu. Haitumwi! Hata kama mjumbe anasema "nitumie kwenye ile yangu ya kawaida, ndiyo naifungua." Na ikibidi itoke nje, faili lifungwe kwanza kwa PGP kabla halijapandishwa. PGP ipo tangu 1991, inasumbua kuifundisha, nimefundisha watu wanne, wawili wameshasahau.

Turudi kwenye domeini. Jina la tovuti yetu lilisajiliwa na kijana mwenzetu, fundi mzuri tu, kwa jina lake, kwa barua pepe yake, kwa pesa ya mfukoni mwake ambayo chama hakikuwahi kumrudishia. Baadaye akaunga mkono juhudi. Mnaelewa. Akahamia upande wa pili kwa picha na shada la maua, na domeini akaondoka nayo mfukoni. Mpaka leo ninavyoandika iko kwa jina lake.

Makamanda, mnaelewa maana yake? Nimepata cheti kwa sababu seva iko kwangu na mlango 80 uko wazi. Lakini yule bwana, siku akiamua au akiombwa, anaingia kwenye akaunti yake, anaielekeza domeini kwenye seva yake mwenyewe, anaendesha Certbot ileile ya bure, na ndani ya muda mfupi anapata cheti halali kwa jina la chama chetu. Mwanachama atafungua tovuti, kufuli lipo, hakuna onyo lolote, atajaza jina na kata na kazi, na usimbaji utafanya kazi yake vizuri kabisa: utalinda mazungumzo ya mwanachama wetu na yule bwana. Barua pepe zetu zote nazo zitaenda kwake. Simtuhumu. Hajafanya, na kwa kumfahamu nadhani hatafanya. Lakini usalama wa wanachama wa mkoa mzima haupaswi kutegemea uungwana wa mtu mmoja aliyeko chama kingine.

Katibu aliponijibu hatimaye, kwa mdomo, alisema tusimchokoze, "tutaonekana tumeyumba." Tulishayumba, Mheshimiwa. Tatizo hapa ni uzembe, na uzembe huu wetu hatuwezi kumsingizia polisi wala tume ya uchaguzi.

Niseme na yale ambayo usimbaji hauyafanyi, maana kuna vijana wameanza kuniita "mzee wa usalama" kana kwamba kazi imekwisha. Cheti hakizuii simu yako kusomwa ikikamatwa ikiwa haina namba ya siri. Hakimfichi aliye katikati kwamba umetembelea tovuti ya upinzani. Anachoshindwa kuona ni ulichoandika. Hakimzuii mpelelezi aliyekaa mstari wa mbele kwenye kikao anakula wali wetu. Na hakizuii barua yenye mhuri. Kumbukeni JamiiForums: Desemba 2016 mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa na kupelekwa mahakamani kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji wa jukwaa lake. Yule alisimama. Kesho barua kama ile ikija ofisini kwetu, nani atasimama? Katibu? Mimi? Sijui, na sitaki mwalimu yule ategemee ujasiri wangu.

Taarifa ambayo hatuna haiwezi kudaiwa. Kwa hiyo nimefuta kwenye fomu namba ya kadi ya mpiga kura na nimefuta "kazi". Nimeuliza ofisi nzima nani aliwahi kuitumia ile "kazi" kwa jambo lolote, hakuna aliyeinua mkono. Tuliiweka kwa sababu fomu ya karatasi ilikuwa nayo.

Nilimpigia yule mwalimu. Nilimwambia ukweli wote, kwamba siku ile alipojaza njia ilikuwa wazi, kwamba sina ushahidi kuwa kuna mtu aliisoma na sina ushahidi kuwa hakuna. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante kwa kuniambia, mdogo wangu. Ila mnitoe kwenye orodha, na msinitumie tena ujumbe." Nimemtoa. Katibu ananiambia nimempoteza mwanachama. Inawezekana. Lakini waliobaki, ambao hawajaambiwa, wapo kwa sababu hawajui.

Ninachodai kwenye kikao kijacho, na safari hii kiwe ajenda yenye namba, si mengineyo. Domeini inunuliwe kutoka kwa yule bwana kwa kurudishiwa pesa yake yote na riba ya uungwana, isajiliwe kwa jina la Bodi ya Wadhamini, na paswedi yake ijulikane kwa watu wawili, si mmoja. Seva isiwe na mtu mmoja tu anayeijua, hata kama huyo mtu ni mimi. Nikigongwa na bodaboda kesho, cheti kikigoma kujihuisha siku 90 zinaisha na tovuti inakufa wiki ya kampeni. Namba za kadi na kazi zilizokusanywa zamani zifutwe mbele ya mashahidi. Na kila aliyejaza fomu ile kwa miaka ile miwili aambiwe. Kwa simu, si kwa tangazo. Nipo tayari kuwapigia mwenyewe, nipewe vocha tu.

Naomba kuwasilisha.